Kiwele cha Ng'ombe wa Mama

Baba yangu alifundisha biolojia Kpandroma, huko Djugu, mpaka nywele zikamwisha, na muda huo wote shule yake haikununua hata kioo kimoja cha kutazama kwenye mikroskopi. Alivitengeneza mwenyewe. Siku ya soko alipita kwa wachinjaji akaomba kipande cha ini, cha figo, cha utumbo, kidogo kama punje ya haragwe. Nyumbani alikiloweka katika dawa ya kuzuia kuoza, akakizamisha ndani ya nta ya mshumaa, kisha akakikata kwa wembe hadi kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Mwisho alikibandika juu ya kioo, akakitia ile dawa ya zambarau ambayo wauguzi hupaka kwenye vidonda.

Mama alikuwa mkulima, na vile vioo hakutaka hata kuviona. "Nyama ni ya kula," alisema.

Halafu ng'ombe wake wa maziwa akafa akizaa. Kaka yangu ndiye aliyemchunga tangu akiwa ndama, na ndiye aliyemkamua kila asubuhi. Hakupenda mtu mwingine amguse. Baba akaja na wembe. Mama akasimama mlangoni mwa zizi.

"Weye! Ngombe yangu imekufa, na weye iko nakata?"

"Kidogo tu, mama ya batoto. Ya kiwele. Batoto ya masomo hawajaona hata siku moja maziwa inatokea wapi."

Mama akaondoka. Kaka akamshikia baba mguu wa nyuma wa ng'ombe, uso ameugeuzia ukutani.

Mashambulizi ya watu wenye silaha yalipofika kwao, mimi nilikuwa tayari mjini Bunia, nafundisha biolojia kama yeye. Ninayoyajua niliyasikia kwa mama. Alfajiri kelele zilianza upande wa mtoni, risasi zikafuata. Mama alibeba sufuria na blanketi. Baba alibeba kasha la vioo, amelikumbatia chini ya koti. Kaka alisema atawafungulia mbuzi kwanza, kisha atawafuata wazazi. Walimngoja barabarani, hakuja. Jirani aliyetoka baada yao aliwakuta kwangu Bunia, akawaambia kwamba yeye na wenzake walimzika kaka pale pale kwenye migomba.

Mama hakumlaumu baba kwa maneno mengi. Alisema mara moja tu, mbele yangu, akichambua mboga: "Ulibeba vioo."

 Kasha likakaa chini ya kitanda changu, naye akawa haongei. Alishinda nje kwenye kiti cha plastiki, akiangalia pikipiki zinavyotimua vumbi.

Nikamwomba prefe, yaani mkuu wa shule yetu, amruhusu baba anisaidie somo moja. Mikroskopi yetu ilikuwa ya zamani, inayotegemea mwanga wa jua, kwa hiyo tuliiweka dirishani. Wanafunzi wakapanga mstari. Wengi wao nao walikimbia kutoka Djugu. Nikaisikia tena sauti yake niliyoizoea utotoni.

"Usifumbe jicho ya pili. Acha yote mbili wazi. Sasa niambie unaona nini."

Mchana mama akaleta chakula, maana baba alikuwa ameondoka bila kula. Alisimama mlangoni na sahani iliyofunikwa. Baba alimtazama, kisha akatafuta kioo kingine katika kasha.

"Kuja, mama ya batoto."

"Mimi sijue mambo ya masomo."

"Kuja tu."

Mama akanipa sahani, akainama.

"Hii ni nini? Iko sawa na maua."

"Ni kiwele."

"Ya nani?"

"Ya ngombe yako."

Mama hakuinua kichwa. Mikono yake ilishika ukingo wa meza. "Yeye ndiye alikuwa anakamua hii," alisema polepole, na mabega yakaanza kutikisika.  Msichana mmoja wa mbele akaanza kulia, kisha mwingine, nami nikawaacha walie, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia. Baba alisimama kando ya mama, mkono ameuinua, asithubutu kumgusa.

"Nilizani iko nyuma yetu," alisema. "Njia yote nilikuwa nageuka, nazani nitamuona."

Mama akapangusa uso kwa kitenge. "Kula," alimwambia. "Chakula itapoa."

Zaidi ya hayo sikuwahi kuwasikia wakizungumzia jambo lile.

Msimu wa mvua uliofuata kifua kilimzidi baba, akatutoka. Wanafunzi wangu walikuja kuimba kwenye matanga. Baadaye nilimuuliza mama tulifanyeje lile kasha. "Peleka ku masomo," alisema. "Mu nyumba, hapana."

Ninafundisha na vioo vile hadi leo, ingawa rangi inafifia na vingine vimepasuka. Mwaka huu nilinunua figo ya mbuzi sokoni nikajaribu kutengeneza vipya. Vipande vyangu vilitoka vinene, mwanga haukupita. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Papa yako alikuwa anafunga pumuzi wakati ya kukata," alisema.

Nilikuwa nadhani hakuwahi kumwangalia akifanya kazi ile. Nikafunga pumzi, nikakata tena. Kipande hicho nacho kilitoka kinene. Mama akakaa kando yangu, akakigeuza geuza kile kioo kwenye mwanga wa mlango.