Gunia la Kola

Izza wa mtaa wa juu alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa mji ule mdogo wa milimani, na aliigawa kwa haki, kila mtu na fungu lake. Aliwadharau wauza sufu wa soko la Alhamisi, ambao hulowesha mafurushi yao kabla jua halijapanda ili yawe mazito kwenye mizani. Aliwadharau wanawake waliofuma ua lile lile tangu siku walipoolewa. Fungu kubwa kuliko yote aliwawekea wale mabwana wa miwani wanaopanda kutoka Marakeshi kutafuta mazulia ya matambara. Mmoja wao alisimama mbele ya zulia lake, kichwa upande, mkono kidevuni, akanong'ona kwamba zulia lile linaimba.

"Hilo jekundu ni koti la mvua," Izza alimwambia. "Hilo la kijivu ni suruali ya marehemu mume wangu. Niliishi naye miaka ishirini na tatu, hakuimba hata siku moja. Umesikia nini wewe?"

Matambara ndiyo kazi yake. Sufu ilimpa kisogo mwaka ule wa ukame kondoo wa mumewe walipokwisha, na mume naye akafuata. Alibakiwa na binti mmoja, Yattu, kitanda cha kufumia chenye mihimili ya mwerezi, na rundo la nguo zilizochoka. Basi akazikata vipande, akavifunga kimoja kimoja kwenye nyuzi za mtande zilizosimama wima, akavipigilia kwa chanuo la chuma. Hakuchora kitu kwanza. Alikaa tu akizitazama rangi kama mama anayetazama watoto wenye ugomvi: nyekundu hii ikae mbali na kijani kile, katikati tuweke kitu cha kijivu, wasije wakaumizana. Majirani walimletea nguo mbovu za nyumbani kwao, wakimpa kwa ncha za vidole. Yeye alizipokea kwa mikono miwili, akawadharau kimoyomoyo.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Yattu alipoposwa na Mimun, mwana wa Rabha.

Rabha alikuwa mke wa mwenye kinu cha unga. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha juu chenye madirisha mawili na jua la asubuhi, na chumba cha nyuma ambacho ukuta wake mmoja ndio ukuta wa zizi. Mwanawe wa kwanza alipooa, mkewe, Zahwa, alikuja na zulia ambalo Rabha aliliona jepesi. Basi Zahwa akapelekwa chumba cha nyuma. Mwaka wa sita huu yumo humo, na kila majira ya baridi anakohoa pamoja na kondoo. Chumba cha juu kilikuwa bado kinamsubiri mke wa Mimun, au hakimsubiri. Mimun mwenyewe alimpenda Yattu, hilo halina ubishi, ila alikuwa mtu wa "mama amesema".

Izza na Yattu walikwenda kwa Rabha kuzungumza. Walikuta majirani wawili wameketi tayari, maana Rabha hakupenda kusema maneno makali bila watu wa kuyasikia.

"Viatu hapo hapo mlangoni, jamani," alisema Rabha. "Zulia hili."

Zulia lile lilijulikana mji mzima. Lilijaza sebule yote: wekundu wa nyanya za kusaga, kijani hafifu, na rangi ya machungwa kama boga lililoiva sana, zimepangwa kwa mistari inayopinda kama maji. Izza alilitazama kila alipoingia mle, na kila mara ilimchoma moyo, kwa sababu lilikuwa zuri.

"Kondoo wangu mwenyewe," Rabha aliwaambia wageni ambao walikuwa wameshayasikia hayo mara mia. "Mikono yangu mwenyewe. Rangi nimechemsha mwenyewe, mizizi na maganda. Miaka kumi na moja, na nondo mla sufu hajaligusa! Nondo nao wanajua nyumba yenye heshima."

"Nondo wa mtaani kwangu hawana adabu," alisema Izza. "Wanakula tu."

"Kwako wanakula nini, Izza? Soksi?"

Majirani wakacheka wakiwa wameziba midomo. Zahwa, aliyekuwa akimimina chai ya mnanaa, akakohoa ukutani.

"Tusizungushane, mkwe wangu," aliendelea Rabha. "Yattu ni binti mzuri, sina neno naye. Lakini tambara halipandi ngazi za nyumba yangu. Akija na zulia la sufu, chumba cha juu ni chake. Akija na hayo ya kwako, chumba cha nyuma kipo. Zahwa atamsogezea virago vyake, watapata joto wote."

Yattu akatazama miguu yake. Izza akanywa chai yake hadi mwisho bila haraka, akasimama.

"Ngoja, mkwe! Usiondoke mikono mitupu." Rabha aliingia uvunguni mwa ngazi, akatoka akiburuta gunia lililofungwa kamba. Mashavu yalikuwa yamemng'aa kwa furaha ya kile alichotaka kusema. "Hili lilikuwa la kuchomwa kwenye tanuri la kuchemshia maji ya hamamu. Halafu nikasema, kwa nini liliwe na moto, na mkwe wangu anakula humo humo? Chukua. Makombo, lakini wewe utayapikia kitu."

Dharau ilimtangulia Rabha mbele ya akili. Huenda hakukumbuka vizuri mle ndani kulikuwa na nini. Lilikuwa takataka tu, na takataka hakuna anayezikagua.

Njia nzima Izza alitaka kulitupa gunia korongoni. Yattu ndiye aliyelibeba.

"Tulifungue kwanza, Mama. Huwezi jua."

Walilimwaga uani. Hapakutoka shati, wala gauni, wala shuka. Zilitoka kola. Kola za masweta, za duara, za shingo ndefu, za vifungo. Na ncha za mikono, zingine bado zimekunjwa vile mtu fulani asiyejulikana, nchi ya mbali, alivyozikunja mara ya mwisho. Na mikanda ya viunoni.

Izza alikaa chini pole pole.

Mwanamke yeyote wa mji ule angeelewa. Anayenunua sweta la mitumba ili alifumue huvuta uzi wa mwilini, ukaja mrefu bila kukatika, akaukunja kuwa donge la kufumia zulia. Kola na ncha za mikono zimeshonwa kwa kubana, uzi wake mfupi, hazina faida, huachwa. Kola bila sweta ni kama manyoya ya kuku mbele ya mlango: huhitaji kuuliza waliomo ndani wamekula nini. Na kola hizi zilikuwa na wekundu wa nyanya, kijani hafifu, na rangi ya machungwa ya boga.

Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Uzi ule ulijikunja, ukadondoka tone, ukaacha punje nyeusi ngumu kama ya plastiki.

Izza alianza kucheka taratibu, kisha akacheka hadi machozi.

"Mama! Una nini?"

"Nondo!" alisema Izza alipopata pumzi. "Nondo wenye heshima! Mwanangu, hakuna nondo mwenye meno ya kula kitu kile!"

Yattu alipoelewa, hakucheka. Alisimama. "Twende sasa hivi. Tukamwambie mbele ya wale wale."

"Tukamwambie nini? Kwamba kafumua masweta? Mimi nimefumua masweta. Bibi yako alifumua hadi mablanketi ya jeshi. Hiyo si aibu." Izza aliinua kola moja, akaivuta, ikarudi. "Yule mwanamke aliokota makombo akayafanya zulia zuri kuliko yote mjini. Mimi nalitamani, nakwambia ukweli. Halafu akalionea haya. Miaka kumi na moja anawadanganya watu kuhusu kitu kizuri alichofanya kwa mikono yake, na kuwacheka wanaofanya kile kile mchana kweupe. Hicho ndicho kinachonichefua."

"Sasa tufanye nini?"

"Niletee fulana za baba yako, zile nyeupe. Zote. Na mkasi."

Alifuma kwa wiki tano. Uwanja wa zulia aliufanya kwa fulana na shuka kuukuu, weupe wa aina nyingi, mwingine wa maziwa, mwingine wa jivu. Ndani ya weupe ule alizifunga kola na ncha za mikono jinsi zilivyo. Hakuzipasua ziwe nyembamba, hakuzificha mistari yake ya kubana. Alizifungua tu, akazipanga zikashuka kutoka juu, chache kwanza, kisha nyingi, kama watu wanaoteremka kwenda sokoni. Palipohitaji kituo aliweka kipande cha suruali ya mumewe. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizopata kufanya, na alilijua hilo, na kwa sababu hiyo aliogopa.

"Akikasirika je?" Yattu aliuliza siku ya kulikata kutoka kwenye kitanda cha kufumia. "Asipovunja uchumba, atanitupa kule nyuma na Zahwa."

"Anaweza," alisema Izza, maana hakumzoesha binti yake uongo.

Alinyunyiza maji kwenye mtande kama wanavyofanya kina mama wote wa pale, kwa kuwa zulia likiwa kitandani ni hai, na kulikata ni kuliaga. Akaliambia, "Umefanya uliyotumwa, nenda kwa amani." Akaukata uzi.

Siku ya kutazama vyombo vya bibi harusi, wanawake walijaa uani kwa Izza. Desturi ni kwamba mama wa bwana harusi huvua viatu na kuketi juu ya zulia. Akiketi, limepokelewa. Akibaki amesimama, kila mtu amejua, na chai hunywewa haraka.

Rabha aliingia na joho jeupe la sufu na hotuba yake tayari kinywani. Alilitazama zulia kama mtu anayetazama kitu cha kudharauliwa. Halafu jicho la mfumaji likamsaliti, akalitazama tena, kwa kweli safari hii, na hotuba ikamkauka.

Mma Hennu, mfumaji mkongwe aliyewafundisha nusu ya wanawake waliokuwa pale, alikuwa ameshapiga magoti. Aligeuza pembe ya zulia akakagua mgongo wake, kisha akarudi upande wa juu, akapapasa.

"Hizi ni kola."

"Ndiyo, Mma," alijibu Izza, akimimina chai.

"Mbona nyingi hivi! Umenunua masweta mangapi?"

"Hata moja. Nimepewa."

"Na miili yake imekwenda wapi?"

Kuna aliyetazama dari ya mzabibu, kuna aliyekumbuka kurekebisha kilemba.

"Sijui, Mma. Mimi nilipewa makombo. Chakula chenyewe sijui kililiwa na nani."

"Mmh." Bibi kizee aliisogeza kola ya machungwa karibu na jicho lake zima. "Rangi hii nimepata kuiketia mahali. Yattu, binti yangu, hebu niletee kiberiti."

Yattu alisimama. Akapiga hatua mbili.

"Kiberiti cha nini?" Sauti ya Rabha ilipanda hadi ikavunjika. "Mnataka kuchoma zulia la mwanangu?"

Maneno yalishatoka. La mwanangu. Rabha alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaketi katikati ya kola zake mwenyewe, joho jeupe likatanda pande zote.

"Zuri," alisema. "Litapanda juu. Chumba cha juu."

"Lakini, Lalla Rabha," alisema mmoja wa wale majirani wawili, ambaye akili yake haikuwa na mbio, "si ulisema tambara haliwezi..."

"Wewe kunywa chai yako!"

Vigelegele vikapigwa, kwa sababu mtu ilibidi apige kitu. Mma Hennu aliinuka akishikilia kiuno, akasema basi, kiberiti kisiletwe, macho yake yamechoka siku hizi.

Izza aliinama kumpa Rabha bilauri.

"Utasema?" Rabha alimnong'oneza bila kusogeza midomo.

Izza alimtazama. Alikuwa ameihifadhi dharau yake wiki tano kwa ajili ya dakika hii, lakini alipoitafuta aliiona haina pa kukaa. Mwanamke yule alikuwa amejaa ya kwake, ya kujidharau mwenyewe.

"Niseme nini? Lile lako la sebuleni ni zuri, Rabha. Ningekuwa mimi ndiye niliyelifuma, ningemwambia hata mpita njia lilikotoka."

Rabha aliipokea bilauri kama mtu aliyepigwa kofi.

Yattu alirudi kwao kwa ziara ya siku ya saba baada ya harusi, mikono bado myekundu kwa hina. Izza alimkatia mkate wa shayiri, akamwekea siagi, akamuuliza habari za juu.

"Jua linaingia hadi kitandani, Mama. Zahwa anapanda kila asubuhi tunakaa wote, kifua chake kimetulia kidogo."

"Na mwenye nyumba?"

"Naye anapanda. Anasema amekuja kukagua madirisha. Anasimama juu ya zulia bila viatu, anaipapasa kola moja kwa kidole cha mguu, halafu anashuka."

"Na lile lake la chini?"

"Amelikunja, kalifungia kwenye sanduku." Yattu alijaribu kuuzuia uso wake, akashindwa. "Anasema siku hizi nondo wamezidi."

Izza alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa akiuona ule wekundu na ile rangi ya machungwa gizani mwa sanduku, kifuniko juu yake.

"Maskini," alisema, na hakuwa akimsema Rabha.