Gari Lililobeba Keki

Tangu gari lao lilipobiringika bondeni, fundi cherehani hakupanda gari tena. Sokoni alikwenda kwa miguu, hospitali kwa miguu. Aliyemuuliza alijibiwa, "Daktari kasema nifanye mazoezi." Daktari mwenyewe hakuwa na habari.

Shangazi yake alikuja kumpa pole, akakaa mpaka chai ikapoa akisimulia ajali nyingine kubwa zaidi. "Yenu ilikuwa na nafuu, mwanangu," alisema, kana kwamba fundi ameshindwa mashindano. Kisha akamwachia dawa: "Sahau."

Rafiki zake wawili aliopata nao ajali walionekana wameshaimeza dawa hiyo. Mmoja, waliyempachika jina la Redio, aliisimulia ajali ile kila palipo na viti, na kila aliposimulia bonde lilizidi kina. Wa pili, muuguzi, alicheka mpaka akashika mbavu, zilezile zilizovunjika. Fundi naye alicheka, asije akaonekana mwoga peke yake.

Ndipo Redio akaja na wazo: tafrija ya shukrani, magauni ya sare, na gari la kukodi lililopambwa maua. Fundi alishona polepole, akifumua hata mishono iliyonyooka. Gauni likichelewa, na gari litachelewa.

Lakini siku haifumuliwi. Gari likasimama mbele ya duka lake, keki ikawekwa kiti cha nyuma, dereva akaacha milango wazi. Redio na muuguzi, wameshavaa sare, walikuwa wakisubiri kando ya mlango.

"Haya shoga, ingia," Redio akamwambia.

"Tangulia wewe mwenye shughuli."

"Mimi? Na mgonjwa wetu wa mbavu? Muuguzi, pita mama, ukae vizuri."

"Aa, wakubwa kwanza."

"Mkubwa nani? Si tumepishana mwezi tu!"

Adabu iliwazidi siku hiyo. Dereva akachoka, akapiga honi. Wote wakaruka kama kuku waliomwagiwa maji, na Redio akatua ameikumbatia nguzo ya duka. Gauni la Redio lilipopanda, fundi akaona viatu vyake: raba, soli zimelika upande mmoja. Akamtazama muuguzi miguuni. Raba.

"Na nyie daktari kawaambia mazoezi?"

Redio alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. "Kila nikiisimulia nasema labda leo itaisha. Haiishi, shoga."

Fundi akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Mimi gauni lako nimelifumua nikalishona tena, na tena. Lilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Kumbe ndiyo maana linanibana!"

Wakaenda kwa miguu, wameshikana mikono, wakilalamikia jua na kulaumiana. Gari likatangulia na maua yake.

Ukumbini shangazi alilipokea kwa vigelegele, akafungua mlango kwa madaha, akakuta keki imefungwa mkanda.