Watani wamzika Hosiana huku anacheka

Wingu bado limelala juu ya Uluguru, na Hosiana Kapaya amekwisha kuchuchumaa nyuma ya banda la viatu vya mitumba Mwembesongo, mjini Morogoro, ndoo mbili mbele yake na mswaki mkuukuu mkononi. Anasugua raba nyeupe iliyovaliwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Akimaliza anaigonganisha na mwenzake, maji yanaruka, anaziegemeza ukutani na kuvuta jozi nyingine.

Ni Jumamosi. Alasiri hii anacheza mpira wa kikapu kwa mara ya mwisho akiwa na jezi ya Chuo cha Mindu. Mtu mwingine angekuwa bado kitandani anapumzisha miguu.

"Nikilala nitawaza," anasema bila kuinua kichwa. "Bora nisugue."

Anachokiwaza hakifichi. Ana miaka ishirini na minne, wiki iliyopita amemaliza mtihani wa stashahada ya utunzaji wa hesabu, na anajua kinachowapata wachezaji wa kike wakitoka chuoni.

"Wanaume wana timu za mitaani. Sisi timu zetu zilikuwa za viwandani, na viwanda vyenyewe mnavijua," anasema. "Mwanamke akimaliza chuo, mpira wake unakufa siku hiyohiyo."

Kazi nayo ni hadithi nyingine. Zamani mhitimu alipangiwa kituo cha kazi kabla wino wa cheti haujakauka. Siku hizi anapangiwa kurudi kwao. Kwao Hosiana ni Tabora, ambako mama yake, Bi Anastasia Kapaya, ni mjane anayelima karanga. Mjomba wake amekwisha kumtafutia nafasi ya kuandika hesabu kwa mnunuzi binafsi wa tumbaku huko Urambo. Mshahara upo. Goli la kikapu halipo.

"Mama ameniandikia barua tatu," anasema. "Zote zinasema rudi."

Banda analofanyia kazi ni la Bi Hidaya, mzaliwa wa Kinole milimani, ambaye sokoni wote humwita Mama Shadya. Hosiana alifika kwake mwaka wa kwanza, ada imepelea nusu na karanga za mama yake zimeliwa na jua. Aliomba kazi yoyote. Tangu hapo huosha viatu kila alfajiri kwa shilingi mia tano na chai, kisha hukimbia darasani, na jioni hukimbia uwanjani.

"Nilimwonea huruma nikampa siku moja ya majaribio," anasema Bi Hidaya. "Jioni yake nikakuta viatu vinang'aa mpaka wateja wanauliza kama nimeanza kuuza vipya. Nikasema huyu Mnyamwezi haondoki."

Pembeni ya banda hukaa Mzee Stambuli, fundi viatu. Kwa miaka kumi na tisa alifuma vitenge katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini, mpaka kilipofungwa na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Mitumba ilikuwa na mkono wake katika kufungwa huko, naye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Mtumba uliniulia kazi," anasema, sindano mdomoni. "Sasa naushona polepole ili uniombe msamaha."

Mzee Stambuli na Bi Hidaya ni Waluguru. Hosiana ni Mnyamwezi. Msomaji aliyelelewa nchi hii hahitaji kuelezwa zaidi: ni watani, watu wenye ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana na kuzikana, na hakuna wa kununa.

Utani wenyewe ulikolea katika mechi yake ya kwanza. Hosiana alijifunza mpira huu shuleni kwao, kwenye uwanja uliobakiwa na goli moja tu. La pili watu walilikata wakauza chuma. Alikuwa hajawahi kucheza mchezo unaobadilisha upande. Kwa hiyo kipindi cha pili kilipoanza aliunyaka mpira, akawapita wote, akapaa, akatumbukiza kikapu kizuri ajabu katika goli la timu yake mwenyewe.

"Nilishangilia!" anasimulia Mzee Stambuli, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nilikuwa nimepita tu njia. Nikauliza, nani yule mwenye akili hizo? Nikaambiwa Mnyamwezi. Nikasema basi huyo ni wangu, msimguse."

Jumamosi iliyofuata alirudi na wafumaji wenzake waliopunguzwa, watu waliokuwa na jioni nyingi na pa kwenda hawana. Bi Hidaya akaja na wanawake wa sokoni kuiangalia hiyo kazi nyingine ya kijakazi wake. Hawakujua sheria hata moja ya mchezo, lakini walijua kuzomea, na walijua mtu anayejituma wakimwona. Hosiana si mfungaji. Kazi yake ni kugombea mpira uliokosa goli, na huugombea kwenye saruji kama mtu anayefukuza kuku wa Krismasi. Magoti yake yana makovu juu ya makovu.

"Katika miaka mitatu sijapata kumwambia ongeza bidii," anasema kocha wake, Mwalimu Andrea. "Namwambia kaa chini upumzike, naye anajifanya hasikii."

Viatu anavyochezea vilitoka kwenye robota la mitumba. Anavaa namba arobaini na tatu, na mguu huo peke yake umewalisha watani miaka yote hii. Raba nyekundu za ukubwa huo zilikaa bandani mwezi mzima bila mteja, mpaka Bi Hidaya alipomtupia akisema achukue hiyo mitumbwi yake. Mzee Stambuli ameshazishona soli mara nne.

Alasiri, uwanja wa Chuo cha Mindu umejaa. Mvua kubwa za mwaka huu zimeupasua upande mmoja, na wachezaji wamezoea kuuruka ufa bila kuutazama. Wageni ni timu ya chuo kimoja cha Dodoma. Wafumaji wa zamani wamekaa upande wa kivuli. Wanawake wa sokoni wameingia kwa mstari, kanga zimefungwa kiunoni, kimya kabisa, na kimya hicho kilipaswa kututia wasiwasi.

Mchezo ulikuwa mtamu. Hosiana alianguka, akainuka, akaunyakua mpira juu ya vichwa vya wasichana warefu kuliko yeye na kuwagawia wenzake wafunge. Kila alipoukamata, Mzee Stambuli alipiga kelele, "Mpagazi huyo! Mtwisheni mzigo mwingine!" Dakika za mwisho Mindu walikuwa nyuma kwa pointi moja. Hosiana akaruka kugombea mpira wa mwisho na kuugusa kwa ncha za vidole, ukamponyoka, wageni wakakimbia nao na kufunga. Filimbi ikalia: arobaini na nne kwa arobaini na moja.

Alibaki amesimama chini ya goli, mikono kiunoni, anautazama ule wavu uliochanika. Nilikuwa karibu. Hakuwa anacheka wakati huo.

Ndipo msiba ulipoanza.

"Uwiii! Mnyamwezi ametutoka!" Bi Hidaya aliingia uwanjani mikono kichwani, na nyuma yake wanawake wote wa sokoni wakajitupa chini wakilia kwa sauti ambayo ingemtoa daktari wodini. Mkeka ukatandikwa katikati ya uwanja.

"Marehemu, njoo ulale!" aliamuru Bi Hidaya.

"Mama, jamani, nina jasho," alijitetea Hosiana.

"Maiti hajibu. Lala!"

Akalala. Wakamfunika kanga mbili, na kanga zikawa zinatikisika kwa kicheko kilicho chini yake. Wageni wa Dodoma walikwisha kupanda basi lao. Kapteni wao alichungulia dirishani akauliza marehemu ni kabila gani. Kuambiwa Mnyamwezi, akateremka mbio.

"Mimi Mgogo! Na mimi ni mtani, nipisheni nilie!"

Mwandishi wa makala haya, ambaye ni Mhaya, alijitetea kwamba yeye hana utani na mtu yeyote mahali hapo. Alitozwa soda mbili kwa kosa la kukosa utani.

Mzee Stambuli alivua kofia akasoma wasifu wa marehemu kutoka kichwani mwake. "Marehemu alikuja Morogoro amebeba begi moja na njaa mbili. Amekula ndizi zetu, amekunywa maji ya mlima wetu, ameota misuli, sasa anataka kuipeleka kwenye tumbaku. Marehemu alikuwa na miguu mikubwa na akili ya wastani. Leo amefungwa na Wagogo. Ametutia aibu, na tutamkumbuka kila alfajiri kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye kichaa cha kuamka saa zile."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Katika kelele hizo wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti miguuni pa mkeka, wanafungua kamba. Hosiana alipostukia na kuketi, kanga kichwani, raba nyekundu zilikuwa kwapani mwa Bi Hidaya.

"Maiti havai viatu," alisema Bi Hidaya.

"Mama, nipe viatu vyangu."

"Vikomboe."

Hosiana akauliza kwa shilingi ngapi. Bi Hidaya akatikisa kichwa, na hapo sauti yake ikabadilika. Alimwonyesha binti yake, Shadya, na wasichana wengine wa Mwembesongo waliosimama nyuma ya goli, wale ambao mwaka mzima wamekuwa wakiokota mipira inayotoka nje.

"Hatutaki hela yako. Uwanja wa kile kiwanda kilichofungwa upo, nyasi tutafyeka sisi. Vyuma vya magoli vipo, mbao zake ndizo zimekwenda jikoni, Mzee Stambuli atapigilia nyingine. Mwalimu ndiye hatuna. Rudi uwafundishe hawa, na uwe na timu yako mwenyewe uichezee mpaka uzeeke. Banda langu linataka mtu wa hesabu, tutagawana faida. Ukirudi utavikuta viatu. Usiporudi, ni vyetu, tutapandia mchicha."

Hosiana alimtazama Shadya, akawatazama wenzake, akafunika uso kwa kanga. Wanawake wakadhani utani unaendelea, wakaongeza kilio. Alipoufunua uso ulikuwa umelowa.

"Nataka," alisema. "Mungu anajua nataka. Lakini Mama kule Tabora hatakubali, na mimi siwezi kumkataa Mama."

Kila Jumapili baada ya ibada, Bi Anastasia huenda kwenye duka moja lenye simu kule Tabora kusubiri sauti ya mwanawe. Kwa hiyo Jumapili hiyo kibanda cha simu mjini kilizingirwa na watu wasiopungua ishirini, na Hosiana akiwa ndani na malapa ya kuazima.

"Shikamoo Mama."

Alieleza yote kwa haraka, mechi, mkeka, mazishi, viatu, huku akizungusha waya wa simu kidoleni. Alipofika kwenye uwanja wa kiwanda alipunguza sauti. Kisha akasubiri jibu. Nje hakuna aliyesogeza mguu. Bi Hidaya alikuwa ameubana mkono wa Shadya mpaka mtoto akalalamika.

Kilichotoka kwenye simu kilikuwa kicheko. Bi Anastasia husema na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya shamba, na sote tulimsikia.

"Waluguru wamekuvua viatu? Mbele za watu? Nipe huyo mzee wao!"

Mzee Stambuli akapokea, amenyooka kama yuko kwa hakimu. "Habari za huko, mtani?"

"Nzuri, mwizi wewe! Nyinyi mmezoea milima, hata tambarare mnatembea mmeinama. Ndiyo maana mkaviona viatu vya mwanangu!"

"Tungekosaje kuviona, mtani? Vinaziba barabara!"

Walitukanana mpaka simu ikaanza kulia kwamba salio linaisha. Aliporudishiwa simu Hosiana, mama yake hakuwa akicheka tena.

"Mwanangu, tangu uondoke silali vizuri," alisema, na safari hii ilibidi tusogee ndipo tusikie. "Kila usiku nilikuwa najiambia mwanangu yuko ugenini peke yake, akiugua nani atamtazama. Barua zote zile nilikuwa naogopa tu. Mbona hukuniambia kwamba una watani? Mwenye watani hayuko ugenini. Njoo nikuone, ule karanga, unene kidogo. Halafu urudi kwa hao watu ukakomboe mali yako. Mjomba wako nitaongea naye mimi."

Simu ikakatika. Hosiana aligeukia ukuta wa kibanda na kulia waziwazi, mabega yakitikisika. Bi Hidaya ndiye aliyeingia akamkumbatia.

Jumanne anapanda treni kwenda Tabora. Atakaa kwa mama yake mpaka mavuno ya karanga yaishe, kisha atarudi, na Jumamosi ya kwanza ya Septemba timu mpya ya wasichana wa Mwembesongo itafanya mazoezi yake ya kwanza. Wafumaji wamekwisha kuanza kufyeka nyasi. Hosiana anataka ndani ya miaka miwili timu hiyo icheze na vyuo, na yeye mwenyewe awe uwanjani.

Nilimkuta jana bandani akiagana na wasichana, mswaki bado mkononi. Mmoja aliuliza kwa aibu kama asiye na raba ataruhusiwa kuja.

"Njoo pekupeku," alimjibu. "Hata mimi kwa sasa sina."