Kivuko cha Lufu

Edwen alikuwa na mkono mwepesi, na watoto wa kijiji walilijua hilo kwa mashavu yao. Ukithubutu kusema "Kivuko cha Lufu" mbele yake, unazabwa kofi, uwe mtoto wa nani. Lufu alikuwa bintiye wa pekee. Mto ulimchukua mwaka wa mafuriko akivusha kondoo, na tangu hapo wapita njia wakapaita pale kwa jina lake.

Edwen hakuhama. Kila maji yalipopungua aliingia mtoni, gauni kalifunga kiunoni, akapigilia vigingi vya mwaloni kuonyesha pasipo na kina. Baridi ilimla miguu.

"Dada wee, utakufa humo!" jirani yake Golde alimwambia.

"Atakayevuka ndiye asife," akajibu, akaendelea kugonga.

Kisha akaja Osmer, msimamizi wa bwana mpya wa ardhi, akaita wenyeji wote barazani. Bwana anaweka soko kando ya mto, akasema, na soko lataka jina la heshima: Kivuko cha Bwana. Ila mila ni mila. Kama pana jina la zamani, mwenyeji alitamke mbele ya watu na kuliapia. Lisipoapiwa leo, limekufa.

Wanaume wazima, ndevu mpaka kifuani, wakatazama viatu vyao. Bwana walimwogopa, ndiyo, lakini Edwen walimwogopa zaidi.

"Ala! Hakuna?" Osmer akacheka. "Au panaitwa Kivuko cha Mabubu?"

Edwen akainuka. Alijua akinyamaza sasa mwanawe anazama mara ya pili, na safari hii mama mtu ndiye anayemzamisha. Akaweka kiganja juu ya msalaba wa baraza, ule wa kuapia.

"Lufu," akasema, sauti ikamkatika. Akaanza upya. "Panaitwa Kivuko cha Lufu. Ni mwanangu."

Golde akaja akaweka mkono wake juu ya ule wa Edwen, akaapa. Ndipo wale wenye ndevu nao wakajikokota mmoja mmoja, wakaapa wote, na jina likasimama.

Siku ya kwanza ya soko, mchuuzi wa chumvi alisimama ng'ambo na punda wake, akayaogopa maji.

"Mama! Hapa panaitwaje?"

"Kivuko cha Lufu!" Edwen akaita, machozi yakimtiririka. "Fuata vigingi, mwanangu. Polepole."