Mkono wa Donald Wapimwa

Katika kota za wafanyakazi wa reli pale Voi, mwaka wa themanini na tatu, hakuna mgeni aliyeingia kwa Philister akatoka na nguo kavu. Si kwa ubaya, jamani. Mama huyu wa kutoka Siaya aliamini kikombe kisichojaa ni tusi, basi alimimina chai mpaka ikasimama ukingoni ikitetemeka, na wewe ukalazimika kuinama uifyonze kama ndama kabla ya kuthubutu kukigusa. Mumewe Ogutu, fundi wa reli, alikuwa ameungua vidole mpaka akachoka kulalamika.

Huyo Philister ndiye aliyekuwa mikono ya mwanawe. Donald, kijana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli. Miguu ilishamwacha, akawa wa kiti cha magurudumu, na sasa udhaifu ulikuwa umepanda mabegani. Mama alimvalisha, akamchana nywele, akamlisha ugali tonge baada ya tonge, na ukimwambia amwache mtoto ajaribu, alikutazama kana kwamba umemwambia amtupe.

Lakini Donald alikuwa na lake moyoni. Kulikuwa na shule ya bweni ya watoto walemavu, naye aliitaka kuliko kitu chochote duniani. Sharti lilikuwa moja: mtoto aweze kula na kunywa mwenyewe, maana wahudumu walikuwa wachache. Ndiyo sababu Tryphena, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliteremka kutoka Wusi asubuhi ile, bado amevaa sweta ya milimani kwenye joto la Voi, aje kuipima mikono yake.

Alimwambia ainue mikono juu ya kichwa. Wapi! Haikufika hata begani. Akamwambia aguse bega la upande wa pili. Vidole vikatambaa kifuani polepole kama jongoo, vikafika, na Tryphena akatabasamu. Akaeleza kwamba lililobaki ndilo shule inalotaka kulijua: ainue kikombe cha maji kutoka mezani mpaka mdomoni, asisaidiwe na mtu. Akamwomba mama kikombe.

Mnajua kilichofuata. Philister alileta kile kikubwa cha bati, kile cha wageni, kimejaa pomoni. Donald akakishika kwa mikono miwili, akauma meno, kikapanda kidogo, kisha maji yote yakamwagikia mapajani. Uso ukamsawijika. Mama naye akaharakisha kusema si neno, shule yenyewe iko mbali, na chakula cha huko nani anakijua. Sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. Aliisikia mwenyewe, akaona haya.

Tryphena hakumkemea. Aliomba maji mengine, safari hii nusu kikombe. Nusu! Mbele ya mgeni, ampe mwanawe wa kumzaa nusu kikombe, kama mtu anayefukuzwa? Philister alianza kueleza desturi za kwao, akaenda nazo mbali, akamfikia hata mama mkwe.

"Mama," Donald akasema taratibu, "ukikijaza, lazima uninyweshe wewe. Nipe ninachoweza kubeba."

Philister alienda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji, akarudi na nusu. Donald akaegemeza viwiko mezani, kikombe kikapanda kwa taabu, shingo ikashuka kidogo kukipokea. Akanywa yote. Tryphena akasema hiyo inatosha kabisa, shule itamchukua.

Maji yalimchuruzika kidevuni. Philister alikuwa keshainuka, leso mkononi, lakini Donald akageuza uso. Mkono wake ukaanza kupanda wenyewe, ukakwama kifuani, ukapumzika, ukaendelea. Philister akarudi kitini, akaikalia mikono yake yote miwili, machozi yakimtoka, akamngoja mwanawe ajifute.