Kete Zilizotembea Mwambani

Jana binti yangu aliniita nikaone kitu kwenye kompyuta. Vyumba vidogo vidogo, kama miraba ya daftari la hesabu, vilikuwa vinawaka na kuzimika, kila kimoja kikiangalia majirani zake tu. "Mama, ona hiki," akasema, akinionyesha kundi la vidoa lililokuwa linajongea, linajivuruga, kisha linarudia umbo lake lile lile. "Hakuna anayekisukuma." Nikacheka, mwenzangu, huku machozi yananilenga. Kitu hicho nilishakiona kijijini kwa bibi, Sepuka, nikiwa mtoto.

Uwele ukianza kuiva, mimi na bibi tulishinda juu ya mwamba tukifukuza ndege, tunapiga debe na kutafuna karanga. Ndege wakitulia tulicheza kete kwenye vishimo vilivyochongwa mwambani kwa duara, na kete zetu zilikuwa mbegu za ubuyu. Bibi alikuwa mwizi wa kete, tena mbishi. Lakini mchezo mmoja haukuwa na mshindi. Aliweka tatu, mbili, moja, kwenye vishimo vinavyofuatana. Unachota fungu la nyuma, zile tatu, unadondosha mojamoja kwenda mbele. Ukitazama, ni tatu, mbili, moja tena, ila zimesogea kishimo kimoja. Zinazunguka hivyo mpaka uchoke wewe.

Mwaka ule baba alisema uwele ukishavunwa atanichukua nikasome mjini. Sikutaka kumwacha bibi. Nikajiambia kete zisiposimama, mavuno hayatafika. Nikawa nazitembeza kutwa nzima, ndege wanakula watakavyo. Bibi aligomba weee, kisha akakaa kunitazama.

Wavunaji walipoingia shambani niligeuka kuwatazama, nikachota fungu la mbele. Umbo likavunjika. Nililia sana.

"Chota la nyuma, mke mwenza," bibi alisema, akizipanga upya. "La nyuma ndilo linaloondoka. Wewe uko mbele."

Mwamba ule siku hizi haupo, umepondwa kokoto. Bibi naye hayupo, na jana nilimkumbuka. Nikachota maharage jikoni, nikayapanga mezani: tatu, mbili, moja. Binti yangu akajaribu, akaanza na fungu la mbele, yakavurugika.

"La nyuma, mwanangu," nikamwambia. Akalichota fungu kubwa, akaligawa lote mbele, akafurahi. Mimi nilibaki nikitazama pale lilipokuwa.