Mkebe wa Kakao Kwenye Dirisha la Mama

Mimi ni fundi wa redio mjini Thika, na nitasema wazi kwamba ni fundi mzuri. Kibanda changu kimebanwa kati ya duka la viatu na mama anayeuza mayai ya kuchemsha, lakini watu huulizia mpaka wanifikie. Kitu nikikichomelea, hakiachii. Tena nina desturi niliyorithi kwa mzee aliyenifunza kazi: spea ya zamani ukiitoa, unamrudishia mwenye redio kwenye karatasi, aione kwa macho yake, asije akakuita mwizi. Hata mama yangu mzazi nilimrudishia zake. Laiti ningezitupa.

Ndugu yangu mdogo alifanya kazi kiwandani, kwa zamu, na siku zake za mapumziko alizimalizia kibandani kwangu akipekua pipa la vitu vilivyokufa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchomelea, na sikuwahi kujivunia mwanafunzi huyo. Alikuwa akichukua ubao wa redio mbovu, anaunganisha waya mahali ambapo waya hauna kazi yoyote, kisha anagusagusa kwa vidole vilivyolowa mate mpaka kitu kianze kulia. Kilio hicho ndicho alichokiita muziki. Yeye na vijana wengine watatu walikutana chumbani kwake Ruiru Jumapili mchana, kila mmoja na kisanduku chake, wakakaa sakafuni kusikiliza milio hiyo saa nzima bila mtu kuimba. Nilienda mara moja. Jirani alibisha mlango akauliza kama kuna mnyama anachinjwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na ndugu yangu naye akacheka, halafu akaongeza sauti.

Kazi yake ilinifanya niwashwe mikono. Risasi ya kuchomelea ilikaa kwenye ubao kwa madonge, na kapasita, vile vikopo vidogo vya kuwekea umeme, alizitoa kwenye redio zilizokuwa na umri mkubwa kuliko wake, zimekauka ndani.

"Hii umechomelea na nini, kijiko?" nikamuuliza siku moja.

"Wacha hivyo, sista."

"Niwache aje? Hii ni loose connection. Ukiitikisa tu inakatika."

"Hiyo si fault. Hiyo ndio ngoma yenyewe."

Nilimnyang'anya, nikaichomelea upya mbele yake. Ikatoa mlio mmoja safi, ulionyooka. Aliisikiliza kidogo, akaniangalia kwa huruma, ndiyo, huruma, akairudisha kwenye pipa langu. Tulirudia ugomvi huo labda mara ishirini, na sikumbuki hata mara moja niliyokubali kushindwa.

Kisanduku kimoja kilinikwepa, kwa sababu alikipeleka moja kwa moja kwa mama, kijijini Ngoliba. Alikitengeneza ndani ya mkebe wa kakao. Juu ya kifuniko aliweka kijiduara kidogo kinachohisi mwanga, na chini spika ya ukubwa wa kifuniko cha chupa. Gizani kilinyamaza. Jua lilipoanza kuingia dirishani kilianza kulia, kwanza chini kabisa, kisha kikipanda kadiri jua lilivyopanda. Alikiweka kwenye dirisha la jikoni akamwambia mama, "Nikiwa kazini hii ndio itakusalimia."

Mama alikasirika. Alisema hataki vitu vya kulialia nyumbani mwake, na kwamba angemwita mchungaji. Hakumwita. Wiki ya pili nilipokwenda kumtembelea, nilimkuta amekaa na chai yake akisubiri jua lifike pale. Mkebe ukaanza. Ulilia, ukasita, ukalia, ukasita mara mbili, kisha ukapanda.

"Baba, umeamka?" mama akauambia.

Ndugu yangu alipewa jina la babu yetu, mzaa mama, na kwa desturi yetu mama alimwita baba. Mimi nina jina la nyanya, kwa hiyo ananiita maitu, yaani mama yangu. Katika nyumba hiyo hatukuwahi kuwa watoto kabisa.

Mwaka uliofuata homa ya mapafu ilimchukua ndugu yangu ndani ya siku kumi na moja. Tulimzika nyuma ya jikoni, karibu na ua wa mkonge. Asubuhi baada ya mazishi, nyumba ikiwa bado imejaa wageni na masufuria ya watu, jua liliingia dirishani. Tulikuwa tumeusahau mkebe. Ulipoanza kulia wanawake wote jikoni waliganda, na shangazi mmoja akaangusha sinia. Mama peke yake ndiye aliyeinua uso.

"Baba, umeamka?"

Hakuna aliyethubutu kuuzima. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye mahindi yaliyokauka, nikaziba masikio kama mtoto. Sikuogopa mzimu. Nilichoogopa ni kwamba ningeusikia na nisitambue kitu ambacho mama alikuwa akikitambua.

Baadaye aliniambia ni nini. Ni kule kusita. Ndugu yangu, kabla ya kusema neno la kwanza asubuhi, alikuwa akianza, anaacha, anaanza tena. Nilikua naye chumba kimoja na sikuwahi kuliona hilo. Mama alisema, "Huwa hivyo hivyo. Hata akiwa mdogo."

Tuliishi hivyo karibu miaka miwili. Kila nilipokwenda nilibeba betri mpya. Sikupenda kulala huko, na nikilala niliamka kabla ya jua nikajitia shughuli za kuku. Kisha asubuhi moja mama alinipigia simu kibandani, sauti yake imekauka.

"Maitu, kale kamkebe kamenyamaza. Siku tatu."

"Ni betri tu, mami."

"Nimebadilisha. Amenyamaza. Kuja umwangalie."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, nikauleta Thika. Nikauweka mezani, nikafungua kifuniko, nikaona tatizo kabla hata sijavaa miwani: kutu kwenye vishikio vya betri. Nilisugua kwa msasa. Dakika moja. Jua la saa tano lilikuwa limefika ukingoni mwa meza, na mkebe ukaanza kulia palepale, ukasita, ukalia. Muuza mayai akageuka kuangalia.

Hapo ndipo iliponipasa kufunga kifuniko. Kazi ilikuwa imekwisha, na nilijua imekwisha.

Lakini niliangalia ndani. Madonge yale yale. Kapasita ile ile iliyovimba kichwa. Waya mmoja alikuwa ameuchomelea kwenye bati la mkebe lenyewe, ovyo, umening'inia kama jino la mtoto. Nikamsikia akisema, "Wacha hivyo, sista," na badala ya kulia nikakasirika. Nikamwambia kwa sauti, "Hata mama unamwekea takataka!" Nikawasha chuma cha kuchomelea. Nikang'oa kapasita zote tatu, nikaweka mpya. Nikasafisha kila kiungo mpaka kikang'aa. Ule waya wa bati ulinisumbua, kwa sababu bati linakunywa joto na chuma changu ni kidogo, lakini niliubana mpaka risasi ikakubali. Nilifanya kazi nzuri sana. Ningeweza kuwaonyesha wanafunzi.

Kapasita za zamani nilizikunja kwenye kipande cha gazeti, kama ninavyomfanyia mteja yeyote.

Jioni niliurudisha mkebe Ngoliba, nikampa mama pamoja na kile kigazeti, nikalala huko. Asubuhi mama alikuwa amekaa tayari na chai, amevaa sweta yake nzuri. Jua likaingia. Mkebe ukaanza kulia, mlio mmoja safi, ukapanda pole pole, ukapanda, haukusita popote.

Mama alingoja. Aliweka kikombe chini ili asikie vizuri. Jua lilipofika kwenye jiko, akanigeukia.

"Huyu si baba," akasema. "Huyu ni wewe, maitu."

Nilimweleza. Nilizungumza haraka, kapasita, kutu, joto, mambo ambayo mtu hamwelezi mama aliyezika mtoto. Kisha nikasema hakuna shida, spea za zamani zipo, nilimrudishia jana, ninaweza kuzirudisha sasa hivi. Alifungua fundo la leso yake. Alikuwa amezifunga humo tangu jana. Nikazichukua, na nikaona kile ambacho mikono yangu ilifanya bila kuniuliza: ili zitoke haraka, nilikuwa nimezikata miguu. Hazikuwa na pa kushikia tena. Na hata zingekuwa napo, vile viungo vyake vibovu nilikuwa nimeviyeyusha vyote, na mimi sijui kuchomelea vibaya kwa kukusudia. Nilijaribu siku nzima. Kila donge nililoweka lilitoka zuri.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alizirudisha zile kapasita kwenye leso, akafunga fundo, akanipa mkebe.

"Enda nayo. Mimi siwezi kaa na hiyo."

Mimi naishi Ruiru, chumba cha juu, dirisha linaloangalia mashariki. Niliuweka hapo. Ningeweza kuuweka kabatini, lakini niliona ni haki yangu kuusikia. Kila asubuhi ulinyanyuka na ule mlio wangu mnyoofu, na kila asubuhi nilikunywa chai nikijisikia nikimsahihisha marehemu. Nilikuja kuuchukia mlio huo kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Mama nilipomtembelea tuliongea habari za kunde na kanisa. Kwenye dirisha la jikoni alikuwa ameweka mche wa kitunguu, na jua lilipofika hapo alitoka nje.

Mvua za masika zikaja, zikapita, jua likarudi kali. Juzi asubuhi nilikuwa nikijifunga kamba za viatu. Mkebe ukaanza kulia, ukasita.

Nilifikiri ni mimi, masikio yangu. Ukalia tena, ukasita mara mbili, ukapanda. Nitakiri kwamba nilisema jina lake. Kisha fundi aliye ndani yangu akaamka, akaenda kuangalia. Nilifungua kifuniko taratibu. Ulikuwa ule waya wa bati. Jua la miezi lilikuwa limelipasha bati na usiku umelipoza, kulipasha na kulipoza, na risasi ilikuwa imeachia upande mmoja. Bati likipata moto waya unagusa, unaachia, unagusa. Haikuwa kazi ya ndugu yangu hiyo. Ilikuwa yangu. Mimi ambaye nikichomelea kitu hakiachii.

Mkono wangu wenyewe ulikwenda kwenye mkoba wa kazi, ukatoa chuma, ukakichomeka kwenye umeme. Nilikaa nacho mkononi mpaka kikapata moto, kikatoa ule moshi mdogo ninaoujua kuliko manukato. Mkebe uliendelea kulia na kusita. Nikakichomoa. Nikakaa nacho mpaka kikapoa kabisa, nikafunga kifuniko bila kugusa kitu, nikampigia mama simu.

Akapokea. Nililaza simu karibu na spika, nikarudi nyuma, nikakaa kitandani. Upande wa pili nilisikia kuku, nikasikia sufuria, kisha nikasikia vyote vimeachwa.

"Baba, umeamka?"

Swali halikuwa langu mimi. Nikauacha mkebe ulijibu.